Chekechea ya Pasua yenye fomu ya malengo: nyota nne kati ya tano

Akina mama wenzangu wa soko la Mbuyuni hapa Moshi wameniuliza sana habari za hii chekechea, basi naandika mara moja wote wasome. Jina naliacha, maana nina lawama nayo.

Kilichonivuta si katuni za ukutani, ni karatasi moja. Kila muhula ukifunguliwa mwalimu anakuita, mnakaa kwenye vile viti vifupi magoti yakikaribia kidevu, mnajaza malengo ya mtoto: ya akili, ya mwili, ya hisia. Wangu ana miaka 4. Kwenye akili aliandikiwa kupanga vizibo vya soda kwa rangi na kuhesabu hadi 10 akivishika kimoja kimoja, si kuimba namba kama kasuku. Kwenye mwili: aruke kwa mguu mmoja, akate karatasi kwa mkasi, afunge vifungo vya sweta mwenyewe. Nikauliza, "Madam, kweli nilipe ada afundishwe vifungo?" Akanijibu, "Mama, vidole vikishindwa na kifungo, penseli vitaishikaje?" Nikanyamaza. Na kwa baridi ya Moshi ya Juni na Julai, mazoezi hayakukosekana.

Hapo kwenye hisia ndipo nilipoona ada yangu haikupotea bure. Mwanangu alikuwa anauma wenzake. Lengo likaandikwa: akikasirika, aseme. Hakuna fimbo, mwalimu anachuchumaa, anamshika mikono, anamwambia, "Umekasirika, amechukua gari lako. Mwambie." Kabla muhula haujaisha, dada yake kamnyang'anya rimoti nyumbani, nikasikia sauti kutoka sebuleni: "Nimekasirika mimi!" Meno hayakutumika. (Rimoti waliigombea vilevile, msinielewe vibaya.)

Sasa lawama. Muhula wa pili nikapewa fomu inayosema mwanangu "aache kunyonya kidole". Wangu hajawahi kunyonya kidole! Kumbe ni ya mtoto wa jirani yangu, imenakiliwa neno kwa neno, jina tu ndilo limebadilishwa. Nikairudisha. Mwalimu aliomba radhi, tukaandika upya, ila darasa lile lote kumwachia mwalimu mmoja, si ajabu yakatokea hayo. Nyota moja imeondoka hapo.

Uwanja nao ni mdogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto wa umri huu achangamshe mwili angalau dakika 180 kwa siku. Pale kuna bembea mbili na foleni, kwa hiyo zinazobaki tunazimalizia uani kwangu hadi magharibi. Na wewe unayetaka mtoto atoke chekechea anasoma gazeti, utaudhika, KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wanaigusa taratibu. Mimi sina neno, darasa la kwanza lipo.

Ukienda kuulizia nafasi ya Januari, nenda saa nne asubuhi wakati wa uji, uwaone watoto wakiwa wenyewe. Omba uoneshwe fomu mbili za watoto tofauti, majina yafunikwe. Zikifanana, uliza.