Starward Nova: wiski iliyolala kwenye pipa la mvinyo

Wiski za Uskoti nimezinywa miaka mingi, na Australia kwangu ilikuwa nchi ya mvinyo basi. Nilipokwenda Melbourne kumtembelea kaka wa mke wangu, jioni ya pili akaweka mezani chupa ya Starward Nova. "Shemeji, hii inatengenezwa hapa hapa Port Melbourne. Onja kwanza, halafu tubishane."

Nikatia barafu tatu kama nilivyozoea, nikapiga funda. Nikamwambia inakaba koo kama bibo ambalo halijaiva. Naye akanikumbusha Sullivans Cove, wiski ya kisiwa cha Tasmania huko huko Australia, ambayo pipa lake moja la mwaloni wa Kifaransa lilitajwa mwaka 2014 kuwa wiski bora ya kimea duniani kwenye tuzo za World Whiskies Awards. Sikushawishika. Lakini kabla ya kuondoka nikanunua chupa yangu, karibu dola 100 za Australia, nikarudi nayo Tanga. Sasa imebaki robo, na ile hukumu yangu ya mwanzo naifuta kabisa.

Tatizo lilikuwa barafu. Wiski hii haikulala kwenye mapipa yaliyokuwa na bourbon, wiski ya mahindi ya Marekani, kama nyingi za Uskoti. Hawa wanachukua mapipa yaliyokuwa na mvinyo mwekundu wa Australia, Shiraz, Cabernet, Pinot Noir, mengine bado yana unyevu wa mvinyo wenyewe, na humo ndimo wanamojaza kinywaji chao cha shayiri. Mbao hizo na mvinyo vimeacha ukakasi wao. Ukiipoza sana, harufu zinajifunga, utamu unajificha, unabaki na ukakasi peke yake ulimini.

Kwa hiyo fanya hivi. Tumia glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, mimina kidogo, uiache dakika 10. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea, ukiishika mbele ya dirisha unaona wekundu kwa mbali. Pua inapokea kwanza ndizi mbivu, ile iliyoanza madoa meusi, kisha vanila. Halafu inakuja harufu iliyonichukua muda kuitambua, hadi siku moja nikasema peke yangu: zambarau! Na mdomoni ni zambarau kweli. Utamu unatangulia, mzito, wenye sukari ya kuungua kama kashata iliyokaa jikoni dakika moja zaidi. Kisha ulimi unakauka taratibu pembeni, vile vile zambarau linavyofanya. Ukakasi ule ule nilioulaumu Melbourne sasa ndio unaonivuta nirudie funda la pili, maana bila huo utamu ungechosha.

Maji yanaisaidia, ila kidogo mno. Kilevi chake ni asilimia 41 tu, si ya kuvumilia maji mengi. Matone matatu yanaileta ndizi mbele. Nilipotia kijiko kizima ikawa nyepesi isiyo na habari.

Mwisho wake si mrefu. Kwa wanaotaka ladha ikae kooni nusu saa, au wanaopenda moshi wa wiski za Islay, kisiwa cha Uskoti, hii si yao. Umri nao unawatia watu shaka, kwa sababu hukaa pipani kama miaka mitatu hivi, na sheria ya Australia inadai miwili tu. Mimi pia nilikuwa wa kuhesabu miaka kwenye lebo. Lakini hali ya hewa ya Melbourne hubadilika sana, asubuhi baridi, mchana jua kali, na mbao zinavuta kinywaji ndani na kukisukuma nje kila joto linapopanda na kushuka. Miaka hiyo mitatu inafanya kazi kubwa, na ulimi unaisikia.

Kwa chakula, siku ile kwa shemeji tulikuwa na mbavu za kondoo za kuchoma, na mafuta ya kondoo yanaukata ule ukakasi vizuri sana. Nimeijaribu na mishkaki hapa nyumbani, ikakubali pia, mradi pilipili iwe mbali, kwa sababu baada ya pilipili huonji kitu zaidi ya moto.

Shemeji anakuja Desemba. Nimeshamwomba alete mbili.