Kaseti za babu kwenda flashi, Tabora mjini: fundi mzuri, ila msimruhusu "kusafisha"

Banda hili la fundi redio, si mbali na stesheni ya reli, linahamisha kaseti kwenda flashi. Wengi hawapeleki muziki bali kaseti za nyumbani: babu anamwita mjukuu wa kike "mke wangu" na kulalamika kwamba mahari alishamaliza ila chai bado hajaiona, bibi anajibu kutoka jikoni, watu wanavunjika mbavu. Utani wa namna hiyo ukiuandika tu, unapoa.

Kwenye mashine, fundi yuko vizuri. Kabla ya kila kaseti anafuta hedi (kichwa kinachosoma tepu) na kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti, maana uchafu wa hapo ndio unaofanya redio itafune tepu. Kisha anaipeleka tepu mbele hadi mwisho na kuirudisha, ijikunje upya baada ya miaka kabatini. Sauti ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, hakimbilii kompyuta. Anazungusha skrubu ndogo ya pembeni mwa hedi, kidogo kidogo, mpaka "s" za babu zisikike kali. Mkanda wa mpira unaozungusha mashine yake haujalegea pia. Ukilegea, bibi anatoka na sauti ya babu.

Muda haukatwi: kaseti iliyoandikwa C-60 ni dakika 60, C-90 ni dakika 90. C-120 ina tepu nyembamba inayotafunwa upesi, hivyo mwambieni mapema.

Kasoro ni ile programu ya kusafisha sauti, anayoipitisha bila kuuliza. Mvumo wa tepu unaondoka kweli, lakini vicheko vya wajukuu waliokaa mbali na maiki navyo vinahesabiwa kelele, vinafutwa. Halafu programu hiyo inabana vipindi vya kimya, inavifupisha. Babu anasema, "Mkwe akafungua chungu...", ananyamaza sekunde tatu, kila mtu anangoja. Zikibanwa zile sekunde, kinachobaki ni taarifa ya habari.

Kwa hiyo agizeni nakala ghafi ya WAV, faili la sauti lisilobanwa. Ni kama MB 10 kwa dakika, yaani MB 600 na kitu kwa C-60. Flashi ya GB 8 inabeba kaseti 12 hivi. Ya kurushiana WhatsApp iwe MP3, faili lililobanwa, ya kbps 128, takriban MB 1 kwa dakika.

Kabla ya kumkabidhi, vunjeni vile vimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi juu ya babu. Mkichukua kazi, sikilizeni upande B palepale, huwa anausahau. Na mafaili anayaita "sauti 1", "sauti 2". Mwambieni aandike kama ni babu mzaa baba au mzaa mama, maana wakikohoa wote wanafanana.