TAHADHARI: Msije Kampala mkaingizwa mjini kwa miguu yenu wenyewe

Ndugu mnaopanga kuja Kampala, hasa mnaokuja kwa basi kutoka Nairobi, Bukoba, Mwanza au Goma: mtakutana na tangazo la matembezi ya miguu ya "Kampala ya Kale na Vyakula vya Buganda". Kila kitu ndani, mwongozaji anaongea Kiswahili, bei moja, nusu itangulizwe kwa simu. Jina la ukurasa hubadilika, picha ni zilezile. Wengi wakisikia utapeli hufikiria muuzaji atakayepotea na kianzio. Huyo yupo, lakini si yeye anayekula pesa nyingi. Anayekula zaidi ni yule anayekuja kweli asubuhi, anakusalimia vizuri, anakutembeza mpaka jioni, na ukirudi hotelini umelipa mara mbili kwa kila lango na umekula rolex ya barabarani (chapati iliyoviringishwa na mayai) kwa bei ya karamu. Kumshtaki ni kazi, maana akiulizwa atasema huduma alitoa.

Tuanze na malango, kwa sababu humo ndimo pesa inamopotelea.

Msikiti wa Taifa pale Old Kampala, ambao wenyeji wengi bado wanauita wa Gaddafi, ulianzwa enzi za Idi Amin, ukakaa gofu kwa miaka mingi, ukamaliziwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa 2008. Mgeni hulipia ofisini, hapo ndani ya lango, kisha anapewa mwongozaji wa msikiti wenyewe. Akina mama huazimwa hijabu na kanga ya kujifunga. Mnarani mnapanda ngazi 304, na ukifika juu unaiona Kampala yote, pamoja na paki za teksi chini yako. Sasa mchezo wenyewe: mwongozaji wako wa mtandaoni anawasimamisha nje, barabarani, anakusanya "ya kuingia", "ya nguo" na "ya mnara", anaingia peke yake, anarudi anasema twendeni. Amelipa mara moja, amepokea mara tatu, na risiti hamjaiona. Tena yeye hana kazi ndani, maana wa msikiti ndiye atakayeeleza. Dawa yake ni ndogo: fikeni wenyewe dirishani, ulizeni bei, lipeni, chukueni risiti. Mwongozaji mwaminifu hatakasirika. Kwanza anapumua, kwa kuwa hesabu imemtoka mikononi.

Mchezo wa pili unawahusu zaidi Wakenya, Watanzania na Wakongo. Vituo vingi vya urithi hapa vina bei ya mwenyeji na bei ya mgeni, na mahali pengine kuna bei ya katikati kwa raia wa Afrika Mashariki. Tapeli anawatoza bei ya mgeni, halafu mkikaribia lango ananong'ona, "Ssebo (bwana), usiongee hapa, watasikia lafudhi yako." Ukinyamaza, umeingizwa kwa bei ya mwenyeji na tofauti imekwenda mfukoni mwake. Ukikamatwa, aibu ni yako. Bebeni kitambulisho cha taifa au pasipoti, mkitaje wenyewe dirishani.

Wa tatu ni "leo pamefungwa". Huu unachezwa sana Mengo, makao ya ufalme wa Buganda. Barabara ya Kabakanjagala, ile ya kifalme inayonyooka kutoka Bulange, lilipo bunge la Buganda, hadi lango la Lubiri, ua wa jumba la mfalme, ni barabara ya umma. Kuitembea ni bure, kuangalia sanamu za miziro ya koo (alama za kila ukoo) kando yake ni bure, na kusimama kwenye mzunguko wa Nnantawetwa, ambako Kabaka (mfalme wa Buganda) peke yake hupita moja kwa moja katikati badala ya kuzunguka, ni bure pia. Kinacholipiwa ni kuingia Bulange na kuingia Lubiri. Mjanja anawatembeza barabara yote, maelezo mazuri, mkifika langoni anasema Kabaka ana wageni, turudi. Ada zenu zimebaki mfukoni mwake. Kufungwa kupo kweli siku nyingine, ndiyo maana uongo huu unauzika. Kwa hiyo msibishane naye, ila mwendeeni askari wa lango na kumwuliza. Na kabla ya kutoka Bulange, ulizeni ofisi ya utalii ya ufalme iliyopo palepale kama Lubiri iko wazi.

Hapohapo kuna kipimo cha kumjua mwongo bila hata kukutana naye. Tangazo likisema mtaingia ndani ya Twekobe, yaani jumba lenyewe la Kabaka, ni uongo. Wageni huliona kwa nje, hutembezwa uwanjani, na huteremshwa hadi kwenye handaki la iliyokuwa ghala ya silaha, ambamo watu waliteswa na kuuawa zama za Amin. Tangazo likisema mtaona "ngome halisi ya Lugard ya 1890", pia kaeni chonjo. Kapteni Frederick Lugard, mwanajeshi Mwingereza, alifika Desemba 1890 na kujenga ngome juu ya kilima cha Old Kampala, hilo ni kweli, lakini kilele kile sasa ni cha msikiti, na kinachoonyeshwa ni jengo lililosimamishwa upya kando. Anayeijua kazi hii atawaambia hivyo kabla hamjauliza.

Kipimo kingine ni saa. Msikitini, Kanisa Kuu la Namirembe, Bulange, Lubiri: hiyo ni njia inayotembeka, kama kilomita 4, na vilima vyake vinauma. Weka saa moja ya msikiti na mnara, saa moja ya Lubiri, saa moja ya chakula, mapumziko na maelezo njiani. Ni saa 5 za mwendo wa kistaarabu. Mtu anayeongeza kanisa kuu la Rubaga, Makumbusho ya Uganda yaliyoko Barabara ya Kiira, soko la Owino na Makaburi ya Kasubi, yote kwa miguu, saa 3, hajawahi kuitembea njia hiyo au anajua hamtafika. Kasubi iko kama kilomita 5 kutoka katikati ya mji, na watu huenda kwa boda au gari. Mahali penyewe panastahili nusu siku: wamezikwa makabaka 4, kuanzia Mutesa wa Kwanza hadi Mutesa wa Pili, nyumba kuu iliungua Machi 2010, ikajengwa upya, na 2023 UNESCO ikaliondoa eneo hilo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mkiuziwa safari ya Kasubi kwa kupita tu, mmeuziwa picha ya lango.

Na Ijumaa mchana msinunue matembezi ya msikitini hata kwa bei ya kutupa. Ni wakati wa sala, wageni hawatembezwi.

Sasa chakula, ambako watu wanadhani hawawezi kuibiwa kwa sababu sahani iko mbele yao.

Tangazo karibu lote hubeba neno luwombo, na ni haki yake, maana ndicho chakula cha heshima cha Buganda. Lakini luwombo ina masharti. Jani changa la mgomba, lisilochanika, hupitishwa juu ya moto mpaka lilainike, na uti wake wa katikati hupunguzwa kwa kisu ili likunjike bila kupasuka. Kuku, nyama, au mchuzi wa karanga na samaki wa kukaushwa kwa moshi huwekwa ndani, jani hukusanywa juu kama mfuko na kufungwa kwa kamba ya mgomba, kisha hukaa kwenye mvuke kwa saa nyingi. Haiwezekani mtu aagize mkiwa mmeketi, ikaja baada ya dakika 20. Mikahawa inayoipika kila siku huwa nayo mchana, na ikiisha imeisha. Kwa hiyo matembezi ya jioni yanayoahidi luwombo saa 12 yana maswali ya kujibu.

Kinacholetwa badala yake ni mchuzi wa sufuria uliomiminwa kwenye jani dakika ile. Kuujua ni rahisi. Jani la luwombo ya kweli limebadilika rangi, limekuwa la kahawia au kijani kilichofifia, limelegea kama kitambaa, na ukilifungua mvuke wenye harufu ya jani unakupiga usoni. La uongo ni kijani kibichi kinachong'aa, mikunjo yake imepasuka, mchuzi unavuja, na nyama haina harufu yoyote ya jani. Matooke nayo yatazameni: ya kupikwa vizuri yamefungwa majanini, yakapondwa humohumo na kurudishwa kwenye mvuke, hivyo ni laini na ya njano. Yakiwa na mabonge meupe-meupe magumu, yalichemshwa kwa maji haraka.

"Kuonja vyakula 6" nako kuulizwe kwa majina. Mara nyingi 6 hizo ni chapati, sumbusa, kabalagala (vitumbua vya ndizi), gonja (ndizi tamu) ya kuchoma, kipande cha muwa na rolex moja ya kugawana. Vyote vitamu, hatuvidharau, na rolex ya mayai mawili ikitoka kwenye kikaango inashinda chakula cha hoteli nyingi. Lakini ni vitu vya shilingi elfu chache za Uganda kwa jumla, si vya kutozwa dola. Anayeahidi nsenene (senene, panzi wa kuliwa) wabichi Agosti pia mwacheni. Msimu wao mkubwa ni karibu Novemba, na mdogo huja karibu Mei. Na waragi (pombe kali ya Uganda) ya chupa isiyo na lakiri ya kiwandani msionje, hata kama imo kwenye bei. Iliyo kwenye mifuko midogo ilipigwa marufuku tangu 2019, anayewapa hiyo anawapa kitu asichojua kilikotoka.

Kuhusu Kiswahili: msilipe nyongeza ya "mwongozaji wa Kiswahili" kabla ya kuongea naye mwenyewe kwa simu, dakika 5. Anayepiga gumzo nanyi kwenye WhatsApp mara nyingi siye atakayekuja. Kampala si Mombasa. Hapa Kiswahili kilibeba kwa miaka mingi sura ya askari, na vijana wengi wa mjini wanakielewa kuliko wanavyokisema. Mwulizeni maswali mawili tu: mnaanzia wapi na saa ngapi, na luwombo italiwa mkahawa gani. Akikwama, atakwama na siku yenyewe.

Karatasi zao. Mtaletewa picha ya cheti cha URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, na kina nembo nzuri. Cheti hicho maana yake jina la biashara limeandikishwa, basi. Duka la chumvi linacho. Anayeuza matembezi kwa wageni anatakiwa kusajiliwa na kupata leseni ya Bodi ya Utalii Uganda, UTB, na mwongozaji naye kivyake. Leseni ina jina, namba na mwaka. Wapigieni UTB muwatajie namba hiyo, wala msiridhike na kitambulisho kilicholaminishwa na kuning'inizwa shingoni, maana vinatengenezwa kwenye vichochoro vya Nasser Road, mtaa wa wachapaji, mkisubiri na soda.

Pesa sasa. Ukituma kwa MTN au Airtel, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisomeni. Ukurasa unajiita kampuni na jina linalotokea ni la mtu binafsi ambaye hamjawahi kumsikia, simameni hapo. Biashara iliyotulia ina namba ya kulipia yenye jina la biashara. Kianzio cha robo kinaeleweka, nusu ni nyingi, na yote kabla ya siku ni kosa. Kisha jihadharini na ngazi: leo kianzio, kesho "kibali cha polisi", keshokutwa "bima ya mgeni", kila mara tuma na ya kutolea. Kutembea Old Kampala hakuhitaji kibali cha polisi wala bima ya mtu yeyote.

Kabla ya kutuma hata shilingi, ombeni bei ivunjwe kwa maandishi: ada ya kila lango kwa jina lake, chakula na mkahawa wake, ujira wa mwongozaji, boda au gari. Tuseme mmetajiwa 200,000 kwa mtu. Pigeni hesabu ya malango kwa kuuliza vituo vyenyewe, ongezeni sahani ya mchana, kinachobaki ni ujira wa mwongozaji. Ujira mzuri si wizi, kazi ya saa 5 juani na elimu ya kichwani ina thamani yake. Wizi ni pale asipotaka kuvunja bei kabisa na kuanza kusema "niaminini tu, boss".

Kama mmeshalizwa, kasi ndiyo yenye maana. Pigeni huduma kwa wateja ya mtandao mliotumia mara moja, muwape namba ya muamala, muombe pesa izuiwe. Mpokeaji akishatoa kwa wakala, mtandao hauna cha kurudisha. Hifadhini mazungumzo yote kwa picha za skrini kabla hajafuta ukurasa. Nendeni kituo cha polisi kilicho karibu, mseme mnataka polisi wa utalii waarifiwe, na msiondoke bila namba ya SD, ile inayoandikwa kwenye kitabu cha kituo. Bila namba hiyo malalamiko yenu hayapo. UTB nao waandikieni mkiitaja.

Baada ya siku mbili tatu huenda akapiga simu mtu mpole anayejitambulisha kuwa ofisa wa mtandao au askari, anasema pesa zenu zimepatikana, zinahitaji ada ndogo tu ya kuzifungua. Ni yuleyule wa kwanza, au aliyeuziwa namba zenu. Kateni simu, ongezeni namba yake kwenye faili la SD.