Resident Evil 4 ndani ya miwani ya VR: uzoefu wangu

Resident Evil 4, gemu ya kutisha ya kupigana kwa bunduki, sasa ipo kwenye VR, yaani miwani inayokuweka ndani ya dunia ya gemu, na ndiyo gemu ya zamani iliyohamishwa vizuri kuliko zote nilizowahi kuvaa kichwani. Nasema hivyo nikiwa nimeicheza kwenye PS2 enzi za vibanda vya gemu, nikairudia kwenye kompyuta, na sasa naicheza kwenye Quest 3, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, nikiwa nimesimama katikati ya sebule. Watu wananiuliza kama kuna maana ya kununua kifaa cha bei ile ili ucheze gemu uliyoimaliza ukiwa shuleni. Maana ipo, ila si kwa kila gemu, na tofauti nimeiona kwenye mikono.

Kwanza tuwekane sawa, maana kuna mbili zinazochanganywa. Capcom walitoa Resident Evil 4 Januari 2005 kwenye GameCube, mashine ya gemu ya Nintendo, ikafika PS2 kabla ya mwaka kuisha. Hiyo ndiyo iliyopelekwa VR na studio ya Armature ya Austin, Texas, ikatoka Oktoba 2021 kwa ajili ya Quest 2, na kwenye Quest 3 inacheza vizuri tu. Nyingine ni ile iliyotengenezwa upya na kutoka 2023, ambayo Desemba ya mwaka huo iliongezewa VR bila malipo kwa wenye PS5 na PS VR2, miwani ya VR ya PS5. Hiyo ya pili ina picha nzuri zaidi, hilo halina ubishi. Mimi naongelea ile ya Armature, inayocheza ndani ya kifaa chenyewe bila waya, bila kompyuta na bila PS5.

Aliyeicheza zamani anakumbuka sheria moja ngumu: ukiinua bunduki, miguu inaganda. Leon, mhusika unayemcheza, hawezi kutembea huku analenga. Ukitaka kurudi nyuma unashusha silaha, unageuka, unakimbia, unageuka tena. Kijiji kizima cha mwanzo kilijengwa juu ya sheria hiyo. Wanakijiji hawakuvamii moja kwa moja. Wanatembea, wanakimbia hatua chache, wanasita, mmoja anakurushia shoka, na wewe una muda mfupi wa kuchagua umpige goti au kichwa. Hofu yote ilitoka hapo, kwenye ile miguu iliyoganda.

Kwenye VR unatembea huku unapiga. Ukifikiria haraka, hilo peke yake lingetosha kuiharibu gemu, kwa sababu adui aliyepangiwa mtu asiyesogea sasa anakabiliana na mtu anayeweza kumkwepa anavyotaka. Na kweli, kuna sehemu zimekuwa rahisi kuliko zamani. Lakini Armature waliirudisha hofu kwa njia nyingine: waliiweka kwenye kazi ya mikono. Bastola iko nyongani kulia, risasi upande wa kushoto, kisu kifuani, bunduki kubwa nyuma ya bega. Risasi zikiisha, unabonyeza kitufe magazini inadondoka, mkono wa kushoto unashuka kiunoni kuchukua nyingine, unaisukuma ndani, kisha unaikoki. Ukiwa umetulia ni jambo la kufumba na kufumbua. Sasa ngoja yule mtu aliyevaa gunia kichwani awashe msumeno wake wa injini nyuma ya mlango. Mkono unakosa kiuno, magazini haiingii, unasahau kukoki, unavuta kifyatulio na hakuna kinachotoka. Kwenye PS2 kujaza risasi kulikuwa ni kubonyeza kitufe na kumtazama Leon akifanya kazi. Hapa anayetetemeka ni wewe.

Ile vita ya mwanzo kijijini ndiyo inayoonyesha kila kitu. Unaingia nyumba ile ya ghorofa, unasukuma kabati kuziba mlango, unapanda juu, unaichukua shotigani ukutani, halafu unasikia ngazi zinaegemezwa madirishani. Niliijua ramani hiyo tangu utotoni, nilijua kila dirisha liko wapi, na bado moyo ulikuwa unanienda mbio. Kuijua ramani kunakusaidia, lakini kugeuza shingo kutazama dirisha la nyuma ukijua mtu anaweza kuwa ameshaingia ni kitu ambacho hakikuwepo. Zamani kamera ilikaa mgongoni kwa Leon, ukaona bega lake na nusu ya chumba. Sasa unaona kile tu unachokitazama. Kengele ya kanisa ilipolia na wanakijiji wakaacha kila kitu wakaondoka, nilivua kifaa nikakaa chini.

Kisu nacho kimepata maisha mapya. Kwa wengi wetu kilikuwa cha kuvunjia makreti ili kubana matumizi ya risasi. Ndani ya VR unaweza kukishika mkono mmoja na bastola mkono wa pili, ukamchana anayekukaribia huku unamlenga aliye mbali. Mabomu unayarusha kwa mkono wako. Ukishika bunduki kwa mikono miwili inatulia, ukiishika kwa mmoja inayumba. Halafu kuna suala la ukubwa wa vitu: El Gigante kwenye televisheni alikuwa jitu kubwa, hapa inabidi uinue kidevu kumwangalia usoni.

Nina malalamiko mawili ya kweli. La kwanza ni hadithi. Kila inapofika sehemu ya simulizi, unatolewa kwenye dunia ile na kuwekwa gizani mbele ya skrini bapa, unatazama kama uko sinema. Naielewa sababu. Simulizi za 2005 ziliongozwa kwa kamera inayorukaruka pembe moja hadi nyingine, na kichwa cha mtu hakiwezi kurushwarushwa hivyo bila kumtapisha. Lakini inauma. Mendez, yule mkuu wa kijiji mwenye ndevu, alistahili kusimama mbele yangu kwa urefu wake wote, na badala yake nilimwona kwenye kioo. Hata teke maarufu la Leon linakutoa mwilini mwake kidogo ukalitazama kwa nje, kisha unarudishwa. Hilo la teke nimelizoea. Hilo la hadithi, hapana.

La pili ni kwamba gemu haikuja nzima. Mercenaries, sehemu ya ziada ya kupambana na maadui huku muda unahesabiwa, iliongezwa bila malipo Aprili 2022, na ni nzuri mno kwa mtu anayetaka kucheza kidogo kisha aache. Lakini ile sehemu ya Ada, yule jasusi wa kike, iitwayo Separate Ways, tuliyoipata kwenye PS2, humu haipo. Baadhi ya maneno ya utani aliyokuwa akirushiwa Ashley, binti wa rais ambaye Leon anakwenda kumwokoa, pia yameondolewa, na kwa hilo sioni hasara yoyote.

Picha? Zimesafishwa, lakini ukisogeza uso karibu na mlango unaona ni mlango wa 2005. Baada ya muda mfupi unaacha kuliona hilo.

Kwa kulinganisha, nilipata nafasi ya kucheza Skyrim VR, gemu ya upanga na majoka iliyotoka 2017, miaka sita baada ya Skyrim yenyewe. Kusimama chini ya joka linalozunguka juu ya kichwa chako ni jambo zito, sitalidharau. Tatizo ni pale unapotaka kushika. Mlango unaufungua kwa kitufe. Upanga hauna uzito, unatikisa kifundo cha mkono kama anayefukuza nzi na adui anaumia vilevile. Dunia yote ile kubwa imekuzunguka na huwezi kuigusa. Kwenye kompyuta wapenzi wa gemu hiyo wametengeneza nyongeza zao wenyewe, na zinazosifiwa zaidi ni zile zinazokupa mwili, na mikono inayoweza kunyanyua kikombe mezani. Hilo linaonyesha wachezaji walikuwa na njaa ya kitu gani.

Valve, watengenezaji wa Half-Life, walipita njia nyingine. Half-Life 2 ni ya 2004, na waliporudi Machi 2020 na Half-Life: Alyx, hawakuihamisha gemu ya zamani, waliandika hadithi mpya inayotangulia ile. Kuna glavu zinazokuwezesha kuelekeza mkono kwenye kitu kilicho mbali, ukavuta kifundo kwa nguvu, kitu kikaruka hadi kiganjani. Wazo dogo tu, lakini limemaliza tatizo la kuinamainama sakafuni ndani ya chumba chembamba. Kwa ustadi naiweka juu ya kila kitu. Ila inahitaji kompyuta yenye nguvu, na hapo ndipo wengi wetu tunaishia kuisikia tu. Assassin's Creed Nexus, ya Novemba 2023, haihitaji kompyuta: unapanda kuta za Venice ukiwa Ezio, mhusika wa gemu za zamani za mfululizo huo, mkono kwa mkono, na ukifika juu ya mnara ukachungulia chini magoti yanalegea. Wametia mpangilio maalumu kwa wanaoogopa urefu, jambo la kiungwana sana. Kupanda ni kutamu. Kupigana kwa upanga hakujaniridhisha, kunarudi kulekule kwa silaha isiyo na uzito.

Na Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari, kwenye PS VR2? Hiyo ndiyo niliyoona imehama kwa wepesi kuliko zote, na sababu iko wazi: dereva wa kweli amekaa, na wewe umekaa. Unageuza shingo kutazama kioo cha pembeni, unaitazama kona kabla hujaifikia, mwili hauna cha kupinga. Ningeipa nafasi ya kwanza kama gharama ya PS5 na kifaa chake isingekuwa kubwa hivyo.

Sasa mambo ya nyumbani, maana haya ndiyo yanayoamua kama utaendelea kucheza au kifaa kitalala kabatini. Kichefuchefu ni cha kweli. Macho yanasema unatembea, sikio la ndani linasema umesimama, na tumbo ndilo linalolipia ugomvi huo. Anza na mwendo wa kuruka kutoka sehemu hadi sehemu, ukiwa umekaa, na ugeuke kwa vipande badala ya mzunguko laini. Ukianza kuhisi joto usoni, vua hapohapo, usijikaze. Kesho yake utavumilia zaidi. Joto la Dar ni adui mwingine: jasho linaingia kwenye sponji na lenzi zinapata ukungu. Weka feni ikupulizie usoni, na utagundua upepo huo unasaidia pia kichefuchefu, kwa sababu mwili unajua upande wa mbele uko wapi.

Nafasi inayopendekezwa ni mita mbili kwa mbili. Meza ya sebuleni itoke, na watoto waambiwe wasipite, kwa sababu mkono unaorusha bomu hauoni mtoto. Betri inakaa kama saa mbili, na hilo lina faida yake: umeme ukikatika unaendelea kucheza wakati televisheni zimezima. Utahitaji intaneti nzuri kuipakua gemu, kwa hiyo pangilia bando lako au nenda kwa mwenye faiba. Gemu ilitoka kwa dola 40 na hulipiwa kwa kadi. Quest 3 ilianza kuuzwa dola 500 mwaka 2023, na Quest 3S ikaja 2024 kwa dola 300. Kwa anayeanza, na kwa gemu hii, hiyo Quest 3S inatosha kabisa, msikubali kuambiwa vingine na muuzaji.

Nani anunue? Aliyeipenda Resident Evil 4 zamani, anunue bila kusita. Asiyewahi kuicheza pia, ila ajue hadithi ataitazama kwenye skrini bapa. Mwenye presha au anayeshtuka kwa urahisi aiache, nasema kwa nia njema.

Limebaki moja ambalo kila niliyemvalisha kifaa hiki hulitaja mwenyewe: San Andreas, ile gemu ya Grand Theft Auto. Ilitangazwa kuwa inatengenezwa kwa ajili ya Quest 2 mwezi uleule wa Oktoba 2021, na kufika 2024 ikawekwa kando bila tarehe ya kurudi. Kwa kizazi chetu, kilichomjua CJ, mhusika wake mkuu, kabla ya kujua kuandika barua pepe, ile ilikuwa habari ya huzuni, na mimi niliisikitikia kwa dhati. Ila baada ya kucheza hizi zote, sitamani tena kuletewa Los Santos, jiji la gemu hiyo, la kutazama tu. Wakiifufua, nataka nishike usukani kwa mikono miwili, niteremshe kioo cha gari kwa kukizungusha, nibadilishe stesheni ya redio kwa kidole changu, na nikipanda baiskeli pale Grove Street niwe nimeshika mipini mwenyewe. Wakikosa hayo, bora waiache kwenye PS2, ambako bado inachezeka vizuri.