Chenga za makumbi kwa nepenthesi: mfuko mzuri, ushauri mbovu

Nimezinunua kwa muuza miche Mwanakwerekwe, nihamishie nepenthesi yangu, ule mmea unaonasa wadudu, iliyobanwa na chungu. Nilihofia chumvi, maana makumbi mengi huku hufukiwa pwani kwa kazi ya kamba, na chumvi huunguza mizizi ya mimea hii. Hizi ni za makumbi ya shamba. Nimeziroweka usiku kucha, nikaonja maji yake: uchungu kidogo, chumvi hamna. Kipande cha shina nilichokichomeka kimeshatoa jicho la kijani.

Ila yule kijana muuzaji! Kanishikilia nichanganye samadi. Khaa, mmea unaokula wadudu? Mbolea nyingi kwenye mizizi yaweza kuumaliza. Mwagilieni maji ya mvua. Ya kisima yana chokaa.

Nitanunua tena, lakini wafunge mifuko vizuri, wangu umemwagikia abiria kwenye daladala.