Gymnázium au měšťanka: mtoto asome wapi?

Baada ya miaka 5 ya shule ya msingi, mzazi wa Chekoslovakia miaka ya 1920 alikuwa na uamuzi mgumu. Gymnázium, shule ya sekondari ya kitaaluma, ilikuwa miaka 8 ya ada, Kilatini na jasho, hadi mtihani wa maturita uliomruhusu kijana kuingia chuo kikuu. Měšťanka, shule ya kati, ilikuwa bure, miaka 3 tu, kisha ufundi au biashara.

Mavazi? Sare moja ya shule kwa nchi nzima haikuwepo. Wasichana wadogo walifunga aproni juu ya gauni (wino haukuwa na huruma), wavulana kaptura na soksi ndefu.

Kwa mtoto wa mkulima ningechagua měšťanka. Gymnázium zilikuwa mijini, na chumba cha kupanga nacho kilitaka fedha.