TAHADHARI: Wacom za mtumba zinazouzwa na kalamu ya simu

Wachoraji na wasafisha picha, kuweni macho na matangazo ya tableti za kuchorea za Wacom, modeli CTH-480 na CTH-490, yanayosema "iko kamili, kalamu ipo", yakiambatana na video ya kishale kikitembea kwenye skrini. Mzigo ukifika, kalamu ni ile ya ncha ya mpira ya kugusia simu.

Video si ya kughushi, ndiyo maana watu wananasa. CTH zinasoma kidole, na mpira unasomwa kama kidole. Kalamu halisi ya Wacom haina betri. Ndani ina koili (waya uliozungushwa) inayopata nguvu kutoka kwenye tableti yenyewe, na ndiyo inayorudisha taarifa kwamba umekandamiza kiasi gani. Mpira hauna koili, kwa hiyo mstari wote unatoka unene mmoja, na ukilainisha ngozi kwenye picha kila mpigo wa brashi unakuja na nguvu ileile: shavu zima linabaki mabaka.

Mtake muuzaji arekodi video nyingine, kalamu ikiwa imeinuliwa kama milimita 5 juu ya tableti bila kuigusa. Kishale lazima kiifuate. Kisha afungue Krita, programu ya kuchorea ya bure, aingie kwenye Tablet Tester (sehemu ya kupimia kalamu) na akandamize polepole. Asilimia za mkandamizo zipande kidogo kidogo. Akianza visingizio, achana naye.

Wapo pia wanaotoa kalamu ya Wacom kweli, ila ya modeli nyingine. Tableti ya CTL-4100 inataka kalamu ya LP-1100K, ya CTL-472 inataka LP-190K. Hata Pro Pen 2, kalamu ya tableti za Wacom za Intuos Pro, pamoja na ughali wake, haifanyi kazi kwenye CTL-4100. Soma namba ya modeli nyuma ya tableti, na usidanganywe kwamba "kalamu utanunua baadaye" kabla hujaulizia bei yake.

Wacom Bamboo CTL-460 ni ya mwaka 2009 na draiva mpya za Wacom (programu zinazoiunganisha tableti na kompyuta) haziitambui. Iache, hata ikiwa ndani ya boksi.

Lipa baada ya kukagua. Nenda na laptop yenye draiva tayari na kebo yako ya micro-USB inayopitisha data, maana nyingine ni za kuchaji tu. Tikisa kebo taratibu pale inapoingia: taa ikizimika na kuwaka, tundu limelegea.